Maumivu ya kinena kwa kijana wa mazoezi: Usiharakishe kusema ni msuli

Leo tuanze na jambo ambalo huenda limeshapita nyumbani kwako bila ya kutiliwa maanani. Kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini, mzima wa afya, hajaanguka wala hajagongwa na kitu, anaanza kulalamika kwamba kinena kinamuuma anapokimbia, yaani pale mbele paja linapokutana na tumbo. Akipumzika maumivu yanatulia. Akirudi mazoezini kesho yake yanaanza tena, na safari hii yanaanza mapema zaidi. Mama anamkanda kwa maji ya moto. Baba anasema ni msuli umevutika, kaza moyo. Jirani anasema huo ni mtoki, na mwingine, ikiwa kijana ni wa kiume, ameshatoa hukumu kwamba ni ngiri na yeye anamjua mzee mwenye dawa ya mizizi.

Mara nyingi huwa ni msuli kweli, na siku chache za mapumziko humaliza shauri. Lakini lipo jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, wakiwemo baadhi ya wanaosimamia mazoezi: mfupa wa paja, mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili, unaweza kupata ufa bila ya ajali yoyote, kwa sababu tu ya kupigishwa kazi ileile maelfu ya mara kabla haujawa tayari. Ufa huo ukigunduliwa mapema, tiba yake kwa wengi ni magongo na subira. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kukatika siku moja kijana akiwa anakimbia, au hata akishuka ngazi tu, na hapo ndipo familia huanza kuzungumzia operesheni na uwezekano wa kijana wa miaka ishirini kuchechemea maisha yake yote. Baina ya hali hizi mbili pengine zimepita wiki mbili au tatu tu za kupuuzia. Ndiyo maana tumeona tulizungumze kwa kirefu.

Mfupa nao huchoka

Wengi wetu tunaufikiria mfupa kama fimbo kavu iliyowekwa ndani ya nyama. Sivyo ulivyo. Mfupa ni kiungo hai, chenye damu yake, na kila siku hubomolewa na kujengwa. Zipo chembe hai ambazo kazi yao ni kula sehemu zilizochakaa, na zipo nyingine zinazofuata nyuma kujaza mfupa mpya. Mtu anapoanza mazoezi mazito, mfupa hutambua kwamba umeongezewa mzigo na huanza kujikarabati ili uwe imara zaidi. Hilo ni jema, na ndiyo faida mojawapo ya mazoezi.

Tatizo ni kwamba wabomoaji huenda haraka kuliko wajenzi. Kubomoa sehemu moja ya mfupa huchukua kama wiki tatu, lakini kuijaza upya na kuifanya ngumu huchukua miezi mitatu hivi. Ni kama nyumba inayokarabatiwa huku wenyewe wakiishi ndani: matofali mabovu yameshatolewa, mapya saruji yake haijakauka, na mwenye nyumba ndiyo kwanza anapandisha mizigo juu. Kwa hiyo yule aliyeanza mazoezi kwa kishindo huwa na kipindi, takriban kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane, ambapo baadhi ya sehemu za mifupa yake ni dhaifu kuliko siku aliyoanza. Yeye mwenyewe hajui. Pumzi yake imeshakuwa nzuri, misuli imekaza, anajiona anaweza kila kitu. Moyo na mapafu huzoea haraka, lakini mfupa huchelewa.

Fikiria hesabu yake. Mtu anayekimbia kilomita 10 hupiga hatua kama elfu nane au tisa, na kila mguu unapotua, nyonga hupokea mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Kila hatua huacha mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mwili ukipata nafasi ya kupumzika huiziba. Usipopata nafasi, mikwaruzo huungana ikawa ufa, na ufa ukiendelea kupigwa hufika mwisho wa mfupa.

Maradhi haya hayakuletwa na zama hizi za marathoni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliokuwa wakivimba na kuumwa miguu baada ya matembezi marefu ya kijeshi. Sababu haikuonekana hadi eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895. Miaka miwili baadaye picha zikaonyesha kwamba miguu ile ilikuwa na mifupa iliyopasuka. Hadi leo nyufa za aina hii hutokea zaidi kwenye muundi na kwenye mifupa ya unyayo. Za paja ni chache kuliko hizo, lakini ndizo za kuogopwa, hasa zile za juu kabisa karibu na nyonga.

Nani yumo hatarini?

Tangu mwaka 2013, ambapo vijana wanaomaliza kidato cha sita Tanzania walianza tena kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya utaratibu huo kusitishwa mwaka 1994, nyumba nyingi zimekuwa na kijana aliyetoka kwenye kiti cha kusomea, miaka miwili hajui mbio isipokuwa za kuwahi daladala, akaingia kambini kwenye mchakamchaka wa alfajiri. Hatusemi kambi ni mbaya. Majeshi ya nchi nyingi duniani yamekuta tatizo hilihili kwa makuruta wao, na vijana walio wengi hurudi salama na wakiwa na afya bora. Tunachosema ni kwamba kijana aliyekaa bure hadi siku ya kuripoti ndiye anayeingia na mifupa isiyojua kinachokuja.

Kundi la pili ni la klabu za jogging, ambazo asubuhi za Jumamosi na Jumapili hujaza barabara za miji yetu kwa nyimbo. Ni jambo zuri sana. Lakini yupo anayejiunga leo, na mwezi ujao ameshajiandikisha kukimbia kilomita 21 au 42 kule Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, akiwa na viatu vya mtumba vilivyokwisha soli. Kundi la tatu huwa hawalitaji sana: dada anayetaka kupungua kabla ya harusi, anayekimbia asubuhi na jioni na kula tango na chai kavu. Huyu tutarudi kwake.

Wala usidhani kwamba uzoefu unamkinga mtu. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake aliyoiweka mwaka 2003, aligunduliwa kuwa na ufa katika mfupa wa paja la kushoto mwezi Mei 2008. Agosti mwaka huohuo alijilazimisha kukimbia Olimpiki ya Beijing na akamaliza wa 23. Kama mwanariadha mwenye madaktari kila pembe yalimfika, basi kijana wako naye si wa kuambiwa anajideka.

Shingo ya mfupa wa paja

Hapa naomba msomaji uwe nami kwa utulivu kidogo, kwani ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mfupa wa paja haupandi moja kwa moja hadi kwenye nyonga. Ukifika juu hupinda kuelekea ndani, mfano wa mkono wa taa ya barabarani, na mwisho wake kuna kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga. Ule mkono uliopinda ndio huitwa shingo.

Ukining'iniza kitu kizito kwenye mkono wa taa ya barabarani, upande wa chini wa mkono hubanwa na upande wa juu huvutwa. Shingo ya mfupa wa paja nayo ni hivyohivyo. Ufa ukitokea upande wa chini, uzito wa mwili huubana, na aghalabu hupona bila kupasuliwa ikiwa mgonjwa ataacha kuukanyagia mguu. Ufa ukitokea upande wa juu, kila hatua huuvuta na kuupanua, mfano wa kitambaa kilichoanza kuchanika. Huu wa juu ni wa dharura. Madaktari wa mifupa kwa kawaida hawasubiri. Huukaza kwa skrubu kabla haujakatika. Na hata ule wa chini, ukishafika nusu ya upana wa shingo, wengi huona ni salama zaidi kuukaza.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu ya damu. Kichwa cha mfupa wa paja hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa midogo inayopanda kwa kuambaa na shingo ileile. Shingo ikikatika na vipande vikahama, mishipa hiyo inaweza kukatika au kubanwa, na kichwa kikakosa damu. Mfupa uliokosa damu hufa. Madhara yake hayaonekani siku hiyohiyo. Pengine ni baada ya miezi au mwaka na zaidi ndipo kichwa huanza kubonyea, nyonga ikakakamaa, na mtu ambaye hajafika hata miaka thelathini akaanza kuambiwa habari za nyonga ya bandia. Nyonga ya bandia ni neema kwa mzee. Kwa kijana ni mwanzo wa safari ndefu, kwani huchakaa na huenda akahitaji kubadilishiwa zaidi ya mara moja.

Nchini Finland, ambako vijana huingia jeshini kwa sheria, madaktari walifuatilia makuruta ambao shingo za mifupa ya mapaja yao zilikatika na kuhama baina ya mwaka 1975 na 1994. Katikati ya kipindi hicho wakufunzi na waganga wa kambi walielekezwa kutopuuza maumivu ya nyonga na kinena, na kumpima kuruta mapema. Matukio ya mifupa kukatika kabisa yakapungua. Haikuwa dawa mpya wala mashine. Ilikuwa ni kuambiana tu kwamba maumivu haya yana maana.

Ufa unaweza pia kutokea chini zaidi, kwenye mwili wa paja lenyewe. Hapo maumivu huwa ya katikati ya paja, ya ndani kwa ndani, mtu hawezi kukuonyesha kwa kidole kimoja. Huu kwa kawaida hupona kwa mapumziko ya wiki kadhaa, lakini nao ukiendelea kukimbiliwa unaweza kukatika.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona

Maumivu huanza taratibu, bila ya tukio la kukumbukwa. Mara nyingi huwa ya kinena au mbele ya paja, na wakati mwingine hujitokeza kwenye goti ingawa goti lenyewe halina kasoro, jambo linalowapoteza wengi. Mwanzoni huja mwisho wa mazoezi. Baadaye huja mwanzoni mwa mazoezi. Kisha huja akitembea tu, na mwisho huja usiku kitandani. Kijana huanza kuchechemea, anapanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, na ukiugeuza mguu wake kwa ndani akiwa amelala hujikunja uso. Hakuna uvimbe, hakuna wekundu, hakuna jeraha. Ukimtazama kwa nje hana kitu, na ndiyo sababu anaonekana mvivu.

Wapo wanaompima kijana kwa kumwambia aruke kwa mguu mmoja. Tafadhali usifanye hivyo nyumbani. Ikiwa shingo ya mfupa ina ufa, huko kuruka ndiko kunakoweza kuukamilisha.

Kuhusu kukanda na kuchua: maji ya moto hayatamdhuru, ila hayazibi ufa, na mchuaji anayevuta na kukunja nyonga anaweza kuongeza tatizo. Lenye hatari zaidi kwa maoni yangu ni dawa za maumivu zinazouzwa kila kona. Kijana anakunywa diklofenaki asubuhi, maumivu yanapungua, anakwenda kukimbia juu ya ufa. Maumivu yale yalikuwa ndiyo mlinzi wa mlango, naye ameshalazwa usingizi.

Ni vyema pia ikaeleweka kuwa si kila maumivu ya nyonga kwa kijana ni ufa. Mwenye seli mundu anaweza kuharibikiwa na kichwa cha mfupa bila ya kukimbia hata hatua moja. Kifua kikuu huingia kwenye nyonga. Mwenye homa, anayepungua uzito au anayetoka jasho usiku asisubiri, na mtoto ambaye bado anarefuka akiumwa nyonga au goti na kuchechemea apelekwe hospitali upesi, kwani wa umri huo wana maradhi yao mengine ya nyonga yasiyotaka kucheleweshwa.

Eksirei kusema safi si mwisho wa maneno

Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Umempeleka kijana hospitali, amepigwa picha ya eksirei, daktari amesema mfupa hauna tatizo. Mnarudi nyumbani mmefurahi, naye Jumatatu anarudi mazoezini. Ndugu msomaji, katika wiki mbili au tatu za mwanzo ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Huonekana baadaye, pale mfupa mpya unapoanza kujijenga kuuzunguka, na wakati mwingine hauonekani kabisa hadi siku unapokatika. Kipimo kinachoubaini mapema ni MRI, ambacho huonyesha uboho ulioathirika hata kabla ya ufa wenyewe kujichora.

MRI haipo kila mahali na gharama yake si ndogo. Ziko katika hospitali kubwa. Kwa hiyo muulize daktari kwa adabu maneno haya: "Daktari, kijana huyu alianza mazoezi mazito wiki kadhaa zilizopita, kinena kinamuuma akikanyaga. Je, hauwezi kuwa ni ufa wa uchovu wa mfupa ambao eksirei bado haijauona?" Maelezo ya mazoezi ndiyo ufunguo. Daktari asiyeambiwa kwamba mgonjwa alikuwa anakimbia kila siku hana sababu ya kuuwaza.

Na ikiwa MRI itachelewa, jambo la busara ni kumchukulia kana kwamba ufa upo hadi ithibitike kinyume chake. Apewe magongo mawili, asikanyagie mguu ule, na eksirei irudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu. Magongo ni rahisi kuliko skrubu. Lakini ikiwa maumivu yamekuja ghafla na makali, au amesikia kitu kikikatika, au hawezi kusimama, au mguu umefupika na kugeukia nje, hiyo si ya kusubiri kesho. Asitembezwe, abebwe akiwa amelala, na afikishwe penye daktari wa mifupa siku hiyohiyo.

Magongo, swala na choo

Mgonjwa mwenye ufa wa upande wa chini kwa kawaida huambiwa asikanyage kwa wiki sita hadi nane au zaidi, huku akirudi kupimwa mara kwa mara, maana ufa unaweza kuongezeka hata akiwa kwenye matibabu. Maneno ni mepesi, utekelezaji ni mgumu, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa kwa mtu wa magongo.

Wataalamu wa mwendo wa mwili wanaeleza kwamba mtu akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya mguu ule hubeba mara mbili na nusu hivi ya uzito wake, kwa sababu misuli ya pembeni nayo hulazimika kuvuta ili asipinduke. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni kama kilo 150. Sasa mtazame anapotawadha: ananyanyua mguu mzima kuuweka kwenye sinki, na amesimamia ule mbovu. Awekewe kiti na ndoo, atawadhe ameketi. Choo cha kuchuchumaa nacho ni mtihani, kwani huikunja nyonga hadi mwisho na kuinuka kwake ni kwa nguvu za mapaja. Kiti kilichotobolewa katikati, ambacho fundi seremala yeyote hukitengeneza, kitamaliza tatizo hilo.

Swala vilevile. Vijana wengi huona haya kuswali kwenye kiti mbele ya wazee, hivyo hujilazimisha kusujudu na kukaa tahiyatu huku wanauma meno. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa kulala, akaashiria rukuu na sijda kwa kichwa. Aliyeambiwa na daktari asikanyage ana udhuru, hata kama kwa macho ya watu anaonekana mzima. Wewe mzazi ndiye wa kumwambia hivyo, tena mapema, kabla hajaanza kutafuta njia zake.

Mabinti na sahani ya chakula

Tumerudi kwa dada yetu wa tango na chai kavu. Katika mafunzo yaleyale, wasichana hupata nyufa hizi zaidi kuliko wavulana, na sababu kubwa mojawapo ni chakula kutolingana na kazi. Mwili ukiona kinachoingia hakitoshi, huanza kubana matumizi. Kinachopunguzwa mapema ni uzazi: hedhi huchelewa, kisha hukatika. Hedhi kukatika maana yake homoni ya estrojeni imeshuka, na homoni hiyo ndiyo mlezi wa mifupa ya mwanamke. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina pana zaidi na kueleza kwamba wanaume nao hupatwa, ila kwao hakuna dalili ya wazi kama hedhi.

Hivyo mama, binti yako anayefanya mazoezi ukijua amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, usilichukulie kuwa ni raha ya kupumzika. Wako makocha waliokuwa wakiwaambia wasichana kwamba hiyo ndiyo alama ya kufanya mazoezi sawasawa. Ni kinyume kabisa. Mpeleke akaonwe na daktari, na mtazame sahani yake.

Madini ya kalsiamu kwa mtu mzima huhitajika kama miligramu 1,000 kwa siku, na kwa wenye umri wa kubalehe ni 1,300. Glasi ya maziwa au mtindi hutoa karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, na uji wa ulezi ni bora kwa jambo hili kuliko uji wa sembe. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake mwili huipata kwa shida, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

Vitamini D ndiyo inayoingiza kalsiamu mwilini, na wingi wake tunaupata kwa jua. Utasema kwetu jua si la kutafutwa. Ni kweli, lakini dada anayetoka nyumbani amejisitiri, anakaa ofisini kutwa na anarudi jioni, jua hilo halimfikii ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuitengeneza vitamini hiyo. Hakuna mgongano wowote hapa: uani kwake, mbali na macho ya watu, anaweza kukaa na mikono na miguu wazi mara kadhaa kwa wiki. Mwaka 2008 kulitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa makuruta wa kike 5,201 wa jeshi la majini la Marekani. Waliopewa kalsiamu miligramu 2,000 na vitamini D yuniti 800 kila siku kwa wiki nane walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20 kuliko wale ambao hawakupewa. Usikimbilie vidonge kabla ya kumuuliza daktari, hasa kama umewahi kuwa na mawe kwenye figo.

Ramadhani nayo ina nafasi yake hapa. Kijana anayekimbia saa moja kabla ya futari, kisha akafuturu kwa pupa, akalala na daku akaikosa, mwezi mzima anafanya kazi kubwa kwa chakula kidogo. Apunguze umbali mwezi huo, akimbie baada ya kufuturu, na daku asiiache.

Kuanza na kurudi

Kwa kijana anayengojea kuitwa kambini, au anayetaka kuanza mbio, dawa ni kuanza mapema na kidogokidogo. Miezi miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe aanze kutembea haraka nusu saa, kisha achanganye na mbio fupi, asiongeze umbali na kasi katika wiki moja, na katika kila wiki awe na siku za kupumzika. Barabara ya vumbi au uwanja wa nyasi ni afadhali kuliko lami. Viatu vya mtumba si haramu, ila abonyeze soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, hivyo ni vya kwendea sokoni. Anayevuta sigara ajue kwamba moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Kwa aliyeumia, kurudi huchukua miezi mitatu hadi sita, na wa operesheni huweza kuchukua zaidi. Kwanza atembee bila ya gongo na bila ya maumivu, kisha baiskeli au kuogelea, kisha kutembea haraka, na mbio ziwe za mwisho, dakika chache siku moja na kupumzika inayofuata. Maumivu ya kinena yakirudi, hata kidogo, anashuka hatua moja nyuma na kumuona tena daktari wake. Ikiwa ni kuruta, apewe cheti kinachoeleza wazi kwamba ni ufa wa mfupa wa paja, si "maumivu ya mguu" tu, ili mkufunzi atakayekipokea ajue anashughulika na nini.